Cherehani ya Bi Atupele Mwasima

Siku niliyowakabidhi funguo za makumbusho, mmoja wenu aliniuliza kwa nini ukurasa wa tatu wa daftari la vitu una mstari uliokatwa kwa wino mwekundu, wakati kurasa nyingine zote ni safi. Nilimjibu kuwa habari hiyo ni ndefu na basi langu linaondoka. Sasa nimefika Korogwe, nimelala vizuri wiki mbili, hakuna anayegonga dirisha kuuliza kama makumbusho yamefunguliwa, na nafasi ya kueleza ninayo. Kosa lililokatwa pale ni langu. Kwa miaka kumi na moja lilimnyima mama mmoja wa Kisondela cherehani yake, na ilibaki siku moja tu cherehani hiyo ipotee moja kwa moja. Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika Tukuyu mwanzoni mwa miaka ya tisini, zama za ruksa, wakati mitumba ilikuwa imejaa sokoni na kila mwenye kibaraza amekifanya duka. Nilishuka na sanduku moja, kandambili miguuni na sweta moja jepesi ambalo dada yangu aliniambia nisilibebe, litanitia joto bure. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilijibanza chini ya paa la duka nikisubiri ikatike, nikasubiri mpaka mwenye duka akaniuliza nasubiri nini. Nilipomwambia, alinihurumia na kuniuzia mwamvuli.

Nyumba ya makumbusho mnaijua: kuta nene za Wajerumani, madirisha madogo, bati linalopiga kelele. Shirika lililotuajiri lilikuwa limeigeuza kuwa makumbusho ya uhuru ya wilaya. Chumba cha kwanza kilikuwa cha machifu, cha pili cha wakoloni, cha tatu cha uhuru, na cha nne kilikuwa changu mimi na ndoo za kukingia maji. Aliyenipokea ni Mzee Angetile, mlinzi. Alikuwa tarishi wa maofisa wa Kiingereza katika nyumba hiyohiyo, kisha tarishi wa maofisa wetu, kisha mlinzi wa picha zao wote. Kiti chake kilikuwa palepale mlangoni muda wote huo. Alikuwa akisema wakubwa ndio waliohama, yeye hakuambiwa.

Kazi niliyonayo kichwani ni ya Mzee Angetile, siyo ya kozi niliyosomeshwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka makopo ya mkaa ndani ya makabati ya vioo, yanywe unyevu, na kuubadilisha mkaa kila mwezi kabla kadi za chama hazijaota ukungu. Yeye ndiye aliyenifundisha kunyamaza bati linapoanza. Mvua ya Tukuyu ikishuka juu ya bati hakuna anayesikia chochote, na mgeni anayepigiwa kelele huona anagombezwa. Nyoosha mkono, onyesha kitu, mwache atazame. Nimewahi kuongoza darasa zima la shule ya Msasani ya palepale Tukuyu kwa mikono mitupu, kuanzia machifu mpaka bendera, na mwalimu wao akanishukuru kwa maelezo mazuri.

Siku moja aliingia mzee mmoja mwenye koti refu, akanyanyua kamba na kukaa kwenye kiti cha bwana shauri wa Kiingereza. Nikamkimbilia. Mzee Angetile akanishika mkono.

"Mwache akae, Binti Tanga. Mimi nilikuwepo siku aliposimamishwa mbele ya kiti hicho toka asubuhi mpaka jioni."

Yule mzee alikaa kama dakika tano, akatikisa miguu ya kiti, akasema hakikuwa kizuri kama alivyodhani, akaondoka. Tangu siku hiyo sikumkimbilia mgeni tena kabla ya kujua alikotoka.

Jambo la mwisho alilonifundisha lilihusu daftari. Kila kitu kinachoingia kinaandikwa: ni nini, kimetoka kwa nani, kimepatikanaje. Ukikosea hufuti, huchani, hupaki rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaandika sahihi juu yake, unaweka jina lako na tarehe. "Anayefuta ana la kuficha," alisema. Nilimsikiliza kwa adabu, huku moyoni nikijiambia kuwa mimi sitakuwa na haja ya mstari huo, kwa sababu mimi Kiswahili nakijua.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa. Nimezaliwa Korogwe, nimesomea Tanga mjini, na nilikuja Rungwe nikijiona nimebeba Kiswahili kwenye sanduku pamoja na lile sweta. Wazee wa Kinyakyusa hawana zedi, vii wala ari katika lugha yao, kwa hiyo zawadi kwao ni sawadi, vitu ni fitu, na uhuru wenyewe ni uhulu. Mimi nilikuwa nawarekebisha. Nilimrekebisha muuza ndizi, nikamrekebisha mzee wa kanisa, na siku moja nilimrekebisha mama mwenye nyumba wangu akiwa ananiombea dua nipone malaria. Niliona naisaidia nchi.

Mwaka uleule niliofika ilikaribia sikukuu ya uhuru, na shirika likataka maonyesho makubwa. Tuliandika tangazo likasomwa makanisani: mwenye kitu cha wakati wa kudai uhuru akilete makumbusho. Fomu ilikuwa na namna tatu za kupokea kitu: zawadi, azima, kununuliwa. Cha zawadi kinabaki kwetu milele. Cha azima kinarudi kwa mwenyewe sikukuu ikipita. Cha kununuliwa tusikizungumzie, maana hatukuwahi kupewa cha kununulia.

Bi Atupele alikuja siku ambayo Mzee Angetile alikuwa msibani Kisiba, na misiba ya huko haimalizwi kwa siku moja. Nilikuwa peke yangu. Aliingia mama wa makamo, mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, nyuma yake jirani yake wa kiume amebeba kichwani cherehani ya mkono iliyofunikwa kwa kifuniko cha mbao. Walikuwa wametembea kutoka Kisondela. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akanieleza kwamba alifundishwa kushona na akina mama wa misheni, na kwamba uhuru ulipokuwa unakuja yeye ndiye aliyeshona bendera ndogo za watoto wa shule kupunga.

"Kitambaa cheusi kilituishia," alisema. "Tukakata miamfuli. Kwenye bendela nyingine kuna mwamfuli katikati. Hata mfua ikinyesha, pale katikati hapalowi."

Niliandika haraka, nimefurahi. Kitu chenye habari kama ile hakipatikani kila siku. Nikamuuliza anakileta kwa namna gani.

"Nimeleta kwa kuasima."

"Kwa heshima," nikamrekebisha, kalamu inatembea.

Akanitazama. "Ee, mwanangu. Kwa asima."

"He-shi-ma, mama."

"Hasima," akasema kwa utii, kama mtu anayejifunza namna watu wa ofisini wanavyolitamka neno lake.

Leo mtoto wa chekechea angeelewa. Mama yule alisema anaiazima. Mimi masikio yangu ya Tanga yalisikia heshima, na kwa kuwa heshima haikuwemo katika zile namna tatu, nikaweka alama kwenye zawadi na kuandika pembeni, "ametoa kwa heshima kubwa." Nikamgeuzia daftari aandike jina. Hakuwa na miwani. Aliinama, akaandika polepole maneno mawili, akanirudishia. La kwanza lilisomeka Atupele. La pili lilianza kwa herufi kubwa iliyojikunja, nikalisoma Mwasima. Nikaona sawa kabisa. Watu wa kule nusu ya majina yao yanaanza na Mwa.

Kabla hajatoka aliuliza, "Mtanijulisha?"

"Tutakujulisha, mama," nikamjibu, nikidhani anazungumzia sherehe.

Mzee Angetile aliporudi alisoma kibao nilichokiandika: Cherehani iliyoshona bendera za uhuru, imetolewa na Bi Atupele Mwasima. Akakuna kidevu. "Mwasima? Wa Kisondela? Huyo simjui. Labda wametokea Kyela." Kwake yeye kila asichokijua kilikuwa kimetokea Kyela. Kabla mwaka haujaisha alistaafu akarudi kwao, na walinzi waliofuata wote waliletwa kutoka mikoa mingine. Nyumba ikabaki bila mtu wa kusikia Kinyakyusa.

Sikukuu ikapita. Cherehani ikabaki chumba cha tatu, nyuma ya kamba.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru, Bi Atupele alikuja na kichupa cha mafuta ya cherehani na kitambaa safi. Aliomba ruhusa akavuka kamba. Alifuta vumbi, akatia mafuta kila tundu, akazungusha gurudumu mpaka sindano ikaenda bila kukwaruza, akafunika. Akaja mezani kwangu.

"Bado mnaihitaji?"

"Tunaihitaji sana, mama."

"Haya. Ndaga fijo." Akaondoka.

Ndaga fijo ni asante sana. Nilimsindikiza kwa macho nikaona huyu ndiye raia. Akaja mwaka uliofuata, na uliofuata. Mafuta, kitambaa, gurudumu, halafu swali lilelile: "Bado mnaihitaji?" Nami jibu langu lilizidi kunoga kila mwaka. Tunaihitaji mno, mama. Bila cherehani yako chumba hiki si kitu. Wageni wa nje walikuwa wameanza kuja, soko huria limewafungulia mlango, na nilikuwa namsimamisha kando ya cherehani wampige picha. Nilijua jina Atupele maana yake ni "ametupa", kwa hiyo niliwaambia wageni kuwa huyu mama alizaliwa kwa ajili ya kutoa. Wanafunzi walimpigia makofi. "Alitoa mali yake kwa heshima," nilisema, naye alitingisha kichwa akasema, "Ee, asima," na mimi, mbele ya watoto, nikamrekebisha tena.

Nikikumbuka hapo natamani kuingia chini ya meza, ingawa meza yenyewe sasa ni yenu.

Ikafika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na neno ubinafsishaji likapanda mlima mpaka Tukuyu. Barua ilisema shirika letu linafungwa. Nyumba atapewa mwekezaji aifanye ya kulala wageni. Alikuja mthamini, Bwana Matiku, mtu wa Musoma, mpole wa maneno na mgumu wa kalamu. Agizo lake lilikuwa fupi. Vitu vilivyoandikwa zawadi au kununuliwa ni mali ya shirika. Lori litakuja Jumamosi livipeleke kwenye ghala lao mjini viuzwe pamoja na masalia mengine. Vilivyoandikwa azima warudishiwe wenyewe.

Siku tatu tulihesabu. Mashine ya chapa, kipaza sauti cha mkutano wa kwanza, baiskeli ya katibu, kiti cha bwana shauri. Kila alipoandika namba nilihisi mtu ananing'oa jino. Alipofika kwenye cherehani nilifikiria kichupa cha mafuta. Nikaona si haki mama yule aje Desemba akute chumba kitupu. Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda Kisondela kumwambia, ili kama anataka aje kuiaga.

Nilipanda pikapu ya ndizi mpaka njia panda, nikatembea kwa mguu sehemu iliyobaki. Nilimkuta kibarazani, miwani puani, anashona joho la kwaya kwa mkono. Majoho mengine yalikuwa yamekunjwa kwenye mkeka. Alinikaribisha, akaniletea parachichi na maziwa ya mgando. Nilimwuliza mbona anashona kwa mkono kazi kubwa namna hiyo.

"Chelehani si iko kwenu," alisema, bila ubaya wowote.

Nikacheka kidogo, maana nilidhani ni utani. Kisha nikamweleza: shirika limekufa, nyumba inachukuliwa, cherehani inakwenda mjini kuuzwa.

Aliweka joho chini. "Kwa hiyo hamuihitaji tena."

"Sisi tunaihitaji, mama. Ila hatuna tena uwezo juu yake."

"Basi nitakuja kuchukua."

"Haiwezekani, mama. Uliitoa."

"Ee. Nilitoa kwa asima."

Nilifungua mdomo. Nakiri kwamba nilifungua mdomo kumrekebisha. Kilichoniokoa ni jirani yake, yuleyule aliyebeba cherehani siku ile, ambaye sasa mvi zilikuwa zimemjaa. Alitokea uani, akavua kofia kwa ajili ya mgeni, akasema, "Mama, mke wangu amenituma niasime ungo."

"Chukua, uko pale jikoni."

Akachukua ungo, akaenda zake.

Nilimtazama yule mtu na ungo mpaka alipopotea migombani. Niasime ungo. Niazime ungo. Bakuli la maziwa nikaliweka chini. Nikamwuliza Bi Atupele kama siku ile miaka kumi na moja iliyopita alimaanisha kama huyu anavyochukua ungo.

"Sasa ningemaanisha nini kingine? Mlisema sikukuu. Nikasema sikukuu yenu ndefu."

"Kwa nini hukudai, mama? Umekuja kila mwaka."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Sisi mtu hatumwambii lejesha. Ni fibaya. Tunamwuliza kama bado anahitaji. Anaelewa mwenyewe."

Mimi sikuelewa mara kumi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya siku hiyo. Nilitazama kidole chake cha shahada, ngozi ya ncha imekuwa ngumu kwa kusukuma sindano, nikajua kila alama pale ina jibu langu moja tamu: tunaihitaji sana, mama. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Aliniinua, akaniambia nimalize maziwa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu. Ilikuwa Alhamisi jioni. Orodha inafungwa Ijumaa, lori Jumamosi asubuhi. Na daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa Tanga, linasema zawadi.

Ijumaa nilimsubiri Bwana Matiku mlangoni, kwenye kiti cha Mzee Angetile. Nilimweleza yote bila kujipunguzia. Alinisikiliza, akavuta pumzi.

"Mama, mwezi huu nimepita ofisi nyingi. Kila mahali nakuta karani aliyekumbuka ghafla kwamba friji ilikuwa ya shangazi yake. Nikikubali neno lako bila ushahidi, na mimi nitaulizwa."

Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nikamwambia niko tayari kuandika kuwa nilikosea, na wanipe adhabu wanayoitaka. Akasema adhabu yangu haitabadilisha kilichoandikwa.

Tulikuwa hapo Bi Atupele alipoingia, kitenge cha kanisani, kichupa cha mafuta mkononi, jirani yake nyuma amebeba kata ya majani ya migomba tayari kwa kubebea. Bwana Matiku alimwamkia kwa adabu, akamwuliza jina kamili.

"Atupele Mwakatobe."

Akatazama kibao. Akanitazama mimi. "Na Mwasima ni nani?"

Bi Atupele hakuelewa swali. Alisogea kwenye kibao alichokuwa amekifuta vumbi miaka yote, akaweka kidole juu ya lile neno. "Hapa? Hapa si mmeandika mmeasima? Nilijua mmeandika kwa lugha yetu. Mmekosea kidogo, lakini nilisema, hawa watu waaminifu. Wameweka wasi kila mtu asome."

Mimi nilikuwa nimekimbilia daftari. Nilifungua ukurasa wa tatu, nikalisoma lile neno la pili kwa mara ya kwanza bila kujua kabla linasema nini. Herufi kubwa iliyojikunja haikuwa M. Bwana Matiku alivuta daftari kwake, akatoa karatasi tupu, akamwomba mama aandike tena alichoandika siku ile. Bi Atupele safari hii alikuwa na miwani. Aliandika polepole, na herufi ya kwanza ikajikunja vilevile: Atupele Naasima.

Bwana Matiku aliweka karatasi kando ya daftari. Alitazama huku, akatazama kule. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na yule mtu mgumu wa kalamu akacheka mpaka akatoa leso. "Ameandika mwenyewe," alisema. "Ameandika naazima, na nyinyi mmempa ubini."

Akaniazima kalamu yake nyekundu. Nilipiga mstari mmoja juu ya "zawadi" na "heshima kubwa" na "Mwasima", vyote viendelee kusomeka kama nilivyofundishwa. Juu yake nikaandika: azima, ya Bi Atupele Mwakatobe, imerudishwa leo. Jina langu, tarehe. Kalamu nikairudisha papo hapo kabla hajaniuliza kama bado naihitaji.

Cherehani ilipotoka mlangoni juu ya kichwa cha yule jirani, mvua ilikuwa inaanza, na nilimkimbilia Bi Atupele nikampa mwamvuli. Niliporudi ndani nilikaa sakafuni kando ya meza ilipokuwa imewekwa, nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa kizuri. Nililala usiku mmoja mzima kwa mara ya kwanza tangu ile barua ije.

Mnajua yaliyofuata. Lori lilichukua vilivyobaki. Miaka miwili baadaye nilitumwa mjini kuuliza habari za mashine ya chapa na baiskeli, nikaambiwa vilikwenda na chuma chakavu, na hakuna aliyejua vilikwenda na nani. Nilisimama kwenye lile ghala tupu nikiwaza kitu kimoja tu, kwamba cherehani haikufika hapo. Mwekezaji naye alikuja kuona nyumba mara mbili, mvua ikamnyeshea mara zote mbili, hatukumwona tena. Wakubwa wakaona afadhali makumbusho yaendelee kuliko paa kuanguka bure, tukaanza upya na chumba cha tatu kikiwa kitupu kabisa.

Desemba ya mwaka uleule cherehani iliporudi kwa mwenyewe, siku moja kabla ya sikukuu, nilisikia kikohozi ninachokijua mlangoni. Bi Atupele hakuwa na kichupa cha mafuta. Alikuwa na mwamvuli wangu, ameukunja na kuufunga kamba, na bahasha ya kaki. Mwamvuli aliuweka mezani kwanza.

"Cha kwako nimelejesha," alisema. "Sikusubili uniulise."

Ndani ya bahasha kulikuwa na bendera ndogo ya Tanganyika, kijani na dhahabu imefifia, na katikati mstari mweusi wa kitambaa cha mwamvuli, mweusi kama siku uliposhonwa. Alisema ilikuwa kwenye Biblia tangu siku ile ya uhuru.

Nilifungua daftari. Nikashika kalamu, nikaiweka chini. Nikamwuliza kwa namna gani anaileta, nikamwuliza tena, na mara ya tatu nikamwuliza kama atakuja kuihitaji.

"Sawadi," alisema. "Hii ni sawadi."

Nikamgeuzia daftari, nikampa kalamu, nikamwomba aandike mwenyewe, neno lote, kwenye sehemu ambayo hujaza mimi. Alivaa miwani akaandika.

Bendera hiyo ndiyo ya kwanza kushoto mkiingia chumba cha tatu. Bi Atupele tumemzika miaka michache iliyopita, na majoho ya kwaya iliyomwimbia alikuwa ameyashona yeye kwa cherehani yake. Mmeniambia mnataka kuliingiza daftari lote kwenye kompyuta na kusahihisha tahajia. Sahihisheni zangu zote mtakazozikuta. Pale kwenye bendera pameandikwa SAWADI, kwa esi, na ndivyo alivyosema.